Sala Iliyozomewa

Watu wa Brussels walilipa kiingilio kwa miaka mingi ili wanichukie. Nilikuwa mwanamieleka wa maonyesho, mieleka ile ambayo mshindi anajulikana kabla kengele haijalia. Kwa kuwa mimi ni Mkongo mwenye kifua kipana, mwenye kampuni hakuumiza kichwa: nitakuwa mchawi kutoka msituni. Mimi! Nimezaliwa Lubumbashi mjini, baba yangu fundi wa reli. Msitu nimeuona kwenye televisheni. Lakini nani aliniuliza? Nilivishwa manyoya ya kuku na mkufu wa mifupa ya plastiki, nikaambiwa kabla ya kila pambano nimlaani mpinzani wangu Mbelgiji kwa "Kiafrika".

Hapo nilikwama. Sisi tuliolelewa kanisani hatuchezei maneno ya laana, hata kwa utani. Nikatafuta maneno salama, nikachukua sala aliyoniombea mama uwanja wa ndege siku niliyoondoka: "Mungu, umuchunge huyu mutoto, umurudishe muzima." Nilinyoosha mikono juu ya mpinzani wangu, nikakodoa macho, nikaikoroma kama mnyama, na ukumbi mzima ukaizomea sala ya mama yangu. Niliona nimewaweza. Kila Jumamosi nawabariki, wao wanadhani wamelaaniwa! Nilikuwa nikicheka peke yangu kwenye tramu mpaka nyumbani Ganshoren.

Kisha binti yangu, mtoto wangu wa pekee, akajifungua mtoto wa kiume. Alisema atampa jina langu, maana kwetu mjukuu hubeba jina la babu. Ndugu zangu wote wamekufa bila watoto. Nikiondoka mimi, jina limekwisha. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho.

Siku chache kabla ya mtoto kupelekwa kanisani, wazazi wa mume wake wakaniita kwao Saint-Josse. Mama mkwe wa binti yangu alikuwa ameshika simu. Kampuni ilikuwa imeweka mapambano yangu kwenye mtandao, na juu ya sauti yangu wakapachika ngoma. Mdomo unaonekana ukicheza, manyoya yanatikisika, neno hata moja halisikiki.

"Papa, heshima yako tunaichunga," akasema. "Mais jina, non. Jina inatembea na muntu. Mutoto hawezi kubeba jina ya mulozi."

"Ni mchezo, maman. Pale nilikuwa naomba Mungu. Ni sala ya mama yangu."

"Bon. Alors, uiombe hapa. Mutoto ni huyu."

Binti yangu alitabasamu, akaja na mtoto mpaka mbele yangu. Alikuwa na hakika nami, na mimi pia nilikuwa na hakika. Nikasimama, nikafumba macho, nikamtafuta mama yangu pale uwanja wa ndege.

Sala ile sikuwa nimeisema popote ila ulingoni tangu nilipovaa manyoya. Ilitoka kwa njia iliyoizoea. Mikono ilipanda yenyewe, vidole vikajikunja, na neno "Mungu" likatoka na mkoromo ule ule wa Jumamosi. Mtoto akaangua kilio. Aliyerudi nyuma naye mbio, akimfunika kichwa kwa mkono, hakuwa mama mkwe. Alikuwa binti yangu.

Mtoto alipewa jina la upande wa baba yake. Kampuni ile imeshafungwa, na mwenye nayo nasikia anaishi vizuri. Majirani zangu, Wazungu wapole tu, bado wananisalimia "Mchawi!" kwenye kituo cha tramu, na mimi nawapungia mkono, ingawa moyoni nawatukana.

Kuna asubuhi najifungia bafuni na kujaribu kuisema ile sala taratibu, kama alivyoisema mama. Bado inatoka kwa kukoroma.