Siku Niliyopanda Karuba kwa Kinga

Wengi katika mji wetu mdogo walikimbia wakati wa kiangazi tu. Mvua ikianza na barabara ikigeuka tope, viatu vilirudi chini ya kitanda. Sisi wawili hatukuacha: mimi, mwalimu wa shule ya msingi, kwa miguu, na mwanaume mmoja muuza vitenge tuliyemwita Papa kwa heshima, mtu wa Butembo, kwa kinga, maana huku baiskeli tunaiita hivyo. Tulionana alfajiri, kabla ya kengele ya shule. Kwenye mteremko aliniacha; kwenye mlima nilimfikia, nikamsikia akihema.

Goti liliponiuma, akaniazima kinga yake ya zamani, akisema mazoezi yasikatike. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na sijawahi kuendesha. Nilianguka, nikachubuka viwiko. Wiki ya tatu nilishuka mteremko mzima bila kugusa breki, upepo ukinitoa machozi, nikajikuta nacheka peke yangu. Hata goti lilipopona, siku moja nilikimbia, siku ya pili niliendesha.

Mtu niliyemwogopa ni mama mkwe wangu, anayelima viazi Karuba, juu mlimani. Alikuwa amekwisha kumwambia mume wangu kwamba mwalimu anayekimbia na pantalo, yaani suruali, anasemwa na watu. Habari ya kinga tulimficha, na kila mara niligeuza kabla ya kufika kwake.

Jumamosi moja Papa akasema ametosheka na mazoezi, anataka tushindane mpaka soko la Karuba. Nikamweleza hofu yangu. Akajibu kwamba saa hiyo mama mkwe atakuwa shambani. Miguu ilikuwa inaniwasha. Nikafunga kitenge juu ya pantalo, tukaondoka.

Aliniacha mbali. Mlima ulipokaza nilisimama juu ya pedali, nikamwona mgongo wake unakaribia, nikampita. Moyo ulinidunda kwa furaha. Kwenye kona nikakuta mwanamke amebeba kikapu cha viazi mgongoni. Alikuwa yeye. Nilikamata breki nusura nianguke miguuni pake.

Nilimwamkia. Alitazama tope usoni mwangu, kitenge, kinga, kisha akatazama barabara niliyotoka.

“Unakimbia nani?”

“Hapana kukimbia, Mama. Tunashindana na Papa wa vitenge. Iko nyuma.”

“Mwanaume iko nyuma yako?”

“Ndiyo, Mama.”

Papa akatokeza kwenye kona ya chini, ameinamia usukani. Mama mkwe akakaza kamba ya kikapu kwenye paji la uso.

“Sasa unanisimamia ya nini? Enda, mutoto wangu. Asikufikie.”

Sijui nguvu ile ilitoka wapi. Nilifika sokoni mapaja yakitetemeka, Papa akaja baadaye, akajilaza kwenye majani akicheka mpaka akakohoa. Mama mkwe alitufikia jua limepanda. Njiani alikuwa amekwisha kumweleza kila aliyekutana naye kwamba mke wa mutoto wake amemshinda mwanaume wa Butembo.