Risiti za Tembo Zilizofukizwa Udi

Tembo wa Bongwe alikuwa akicheza gofu kwa riziki, kazi ambayo shangazi zake hawakuielewa hata siku moja. Walichojua ni kwamba anakipiga kijipira kiende mbali, kisha anakifuata mwenyewe. Alianza kwa kubeba mikoba ya wageni huko Diani. Sasa alikuwa na mkoba wake, hana mwajiri, na mwaka uliopita alishinda fedha katika mashindano mawili. Hapo ndipo serikali ilipompenda. Mpira ukipotelea vichakani, huo ni msiba wako. Ukiingia shimoni, wewe na serikali mna hisa.

Siku ya mwisho ya kutangaza mapato ilimkuta Ukunda, kwenye kiti cha plastiki mbele ya Eunice, mama wa kutoka bara aliyewajazia watu fomu za kodi nyuma ya duka la vitenge. Gharama za kazi zikikubaliwa, kodi ingepungua, na Tembo angebaki na kiingilio na nauli ya mashindano ya Nairobi mwezi ujao. Zisipokubaliwa, angeyatazama kwenye simu ya jirani.

Akazimimina risiti mezani. Zote nyeusi tititi.

"Tembo, umeniletea risiti ama makaa?"

Akazitazama kama mtu aliyeamshwa. Kisha ikamjia polepole, na harufu yake: mama yake, Bi Mwanarusi, kila mara kabla ya mashindano, akiuinamisha mkoba wa gofu juu ya chetezo na kuufunika kanga, moshi wa udi ukipanda, husuda ikikimbilia dirishani. Naye Tembo kasimama pembeni, macho nusu wazi, akiona nyasi za kijani zikielea juu ya kitanda. Risiti zilikuwa mfukoni mwa mkoba. Karatasi zile huandikwa kwa joto, na joto likizidi huandika kila mahali.

"Huo udi nao," akauliza, "si gharama ya kazi?"

"Ni wa kukupa ushindi, ama wa kunukisha nguo za Idi?"

"Vyote."

"Basi siuandiki. Gharama iwe ya kazi tupu. Na kuku wa kafara usinitajie."

"Alikuwa jogoo."

Eunice akageukia kompyuta. Risiti zimekufa, alisema, lakini muuzaji akipewa namba ya kodi ya mnunuzi, ankara huingia mtandaoni. "Kuna mahali uliwahi kutoa yako?"

Tembo akaona haya. Aliitoa kwenye duka la klabu na kwenye nyumba za wageni, kwa sauti, herufi kwa herufi, ili wenye magari makubwa wasikie kwamba naye ana namba. Ukunda, ambako hakuna wa kumringia, hakuitoa.

Feni ikazunguka, kiduara cha kompyuta kikazunguka, na Tembo akaondoka pale akiwa amekaa. Alikuwa juu ya kilima cha baridi, umande viatuni, mpira ukipanda na kukataa kushuka.

"Mipira ipo," sauti ya Eunice ikamteremsha. "Vijiti vipo, malazi yapo. Viatu havipo. Kedi wa kukubebea mkoba hayupo."

"Kedi yupo, ni Japheth!"

"Mtandaoni hayupo, bwana."

Kodi ikapungua, si sana. Kikabaki kiingilio na tiketi ya treni daraja la chini. Malazi yangekuwa sebuleni kwa binamu yake Seifu.

Asubuhi ya safari, Bi Mwanarusi aliwasha makaa kama kawaida.

"Shikamoo mama. Ngoja kwanza."

"Marahaba. Ningoje nini, na mahasidi washaamka?"

Tembo akatoa mfukoni tiketi na risiti ya kiingilio, yenye namba yake ya kodi, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Akasimama hapo, mkono juu kabisa kama aliyejisalimisha kwa askari, karatasi mbili zikipepea kwenye hewa safi, huku mkoba wake ukizama taratibu ndani ya moshi.