Joto la Alhamisi

Kompyuta yangu ilianza kujizima yenyewe mwaka wa pili tangu nirudi kutoka Arabuni, na mimi si mtu wa subira. Niliiweka chumba cha mbele, hapa hapa Kisauni, nikawa nahariri video za harusi. Sasa basi, bibi harusi anashuka garini, shangazi zake wanapiga vigelegele, na papo hapo kioo kinakuwa cheusi, tii! Unabaki unaitazama sura yako mwenyewe, umeachama.

Harusi za watu hazingoji. Kulikuwa na mama mmoja wa Mkomani aliyenipigia kila asubuhi kuuliza video ya bintiye, akianza kwa salamu ndefu za heshima ambazo kwangu zilikuwa mbaya kuliko matusi. Mimi nilikwisha kuapa: mashine hii ikifa, narudi Arabuni kuendesha lori, maana kazi nyingine ya kutulisha sikuiona. Nililisema hilo kila ilipojizima, kwa sauti ya juu, nyumba nzima isikie. Nyumba nzima ni mimi na mama yangu.

Nikaibeba hadi Frere Town kwa fundi mmoja, mtu wa bara, mpole, mwenye tumbo lake. Akaifungua, akachokoa kwenye feni uchafu mweusi wenye kunata, akaunusa. Akanusa tena. Akaniambia, boss, hii yako inanukia poa sana, unaipaka nini? Nikaona ananitania, nyumba zetu sisi watu wa pwani zinanukia, na nguo, na mito, basi mashine nayo imepata fungu lake. Akaisafisha, akanieleza kwamba prosesa, yaani ubongo wa mashine, inapata joto, na ikikaribia digrii mia inajizima ili isiungue. Akasema nitafute programu ya kupima joto, zimejaa kwenye intaneti, za bure, nichague.

Nichague! Laiti angejua ananitia katika balaa gani.

Ya kwanza niliyoipakua ilinionyesha tarakimu tangu juu ya kioo mpaka chini, na kila moja inabadilika kila sekunde. Kulikuwa na moja iliyosoma elfu mbili na ushei, na wallahi siku mbili sikulala vizuri kwa ajili yake. Kumbe ni mizunguko ya feni. Nikaifuta kwa hasira.

Ya pili ilikuwa nzuri kwa sura. Ina saa ya duara, sehemu ya kijani, sehemu nyekundu, na mshale unaotikisika. Lakini iliingia na wenzake watatu ambao sikuwaalika, mmoja akitaka kunisafishia mashine, mmoja kunilinda na virusi, wa tatu mpaka leo sijui alitaka nini. Halafu nikagundua kwamba nikiifungua hiyo programu yenyewe, joto linapanda. Nikamwambia fundi kwa simu, akacheka mpaka nikamkatia.

Ya tatu ilikuwa kidirisha kidogo cha kijivu, hakina haiba hata chembe. Namba moja tu. Lakini ilikuwa na mambo mawili: inaandika joto la wiki nzima kwa mstari, unaona lilipopanda na liliposhuka, na unaweza kuipangia kengele, ikifika tisini ipige kelele. Hiyo ndiyo nikaikubali.

Wiki ya kwanza mstari ulilala kwenye sitini, sabini, raha mustarehe. Alhamisi baada ya alasiri ukapanda ghafla, tisini, tisini na nane, ukakatika. Wiki ya pili vivyo hivyo, Alhamisi, saa ile ile. Nikasema programu hii ina wazimu. Nikaifuta, nikaipakua tena. Wiki ya tatu, Alhamisi.

Alhamisi ndiyo siku yangu ya kupika video. Ndivyo tunavyosema sisi wa kazi hii, pale mashine inapounganisha vipande vyote viwe filamu moja, kazi ya saa nzima na zaidi. Naiwasha, naiacha ipike, naenda zangu msikitini na barazani mpaka Magharibi ipite. Lakini nilikwisha kujaribu kupika Jumanne, haikupita sabini na tano. Alhamisi ina nini? Nikawalaumu watu wa umeme. Nikamlaumu jirani anayechomelea madirisha. Nikalilaumu jua, kana kwamba jua la Kisauni linajua siku.

Alhamisi ya nne nilifika barazani nikakumbuka simu nimeiacha mezani. Nikarudi. Nasukuma mlango, namkuta mama yangu amepiga magoti mbele ya kompyuta.

Alikuwa ameifunika gubigubi kwa kanga mbili, kama anavyofunikwa mzazi aliyejifungua juzi anapofukizwa. Chini ya kanga ameingiza chetezo, makaa yamekolea, ubani na udi vinatoa moshi, na moshi wote unapita pale pale mashine inapovutia hewa. Yeye anasoma dua, mkono mmoja juu ya mashine. Na kengele yangu, ile niliyoipanga mwenyewe, inalia kwa nguvu zake zote. Kila ikilia, mama anaongeza ubani.

Astaghfirullah. Nilimuuliza anafanya nini, na sikuuliza kwa adabu.

Hakugeuka. "Ngoja," akasema. "Huyo ni hasidi, anatoka. Kila Alhamisi, usiku wa Ijumaa ukikaribia, namfukiza. Wiki iliyopita alilia hivi hivi, kisha akanyamaza."

Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Digrii, feni, prosesa, uchafu wa kunata, mama wa Mkomani na salamu zake, yote yamepangana tayari kutoka. Nikaanza. Nikamwambia, mama, wewe ndiye unayeiua.

Hapo akanigeukia. Macho yamemwiva kwa moshi, au nilidhani ni moshi.

"Naiombea isife," akasema. "Si wewe unasema ikifa utarudi Arabuni? Babako aliteremshwa kaburini na majirani, wewe uko huko, hukupata ruhusa. Mimi nataka uniteremshe wewe."

Kengele ikakatika. Mashine ikajizima chini ya kanga, na harusi ya watu ndani yake.

Nikakaa sakafuni kando yake. Miaka saba nilikaa kule, na siku ile ya babangu niliendesha lori mpaka jioni kwa sababu bosi alisema nitapewa likizo mwezi ujao. Mama hakuwahi kunilaumu kwa hilo, hata mara moja. Nikamwambia sirudi.

"Hata ikifa hii?"

Nikamwambia hata ikifa. Nitauza mbaazi, nitafanya lolote.

Alinitazama usoni, kama ananipima.

"Sema wallahi."

Nikasema.