Neno BUILT lilivyomkosesha rafiki yangu kazi, na aliyeliharibu ni mimi

Wakuu, habari za jioni. Hii siongezi chumvi. Nimekaa nayo miaka mingi na leo naitoa.

Mwisho wa eighties nilikuwa fundi wa mawe hapa Kisumu, nikikaa Kondele. Mimi na rafiki yangu Owuor tukapata kazi ya kujenga ukumbi wa kanisa kule Asembo Bay, kando ya ziwa.

Ukuta wote niliuinua mimi. Owuor alikuwa anachonga tu, lakini Kingereza alikijua.

Mzee wa kanisa, Baba Okech, akampa yeye jiwe la mlangoni aandike maneno. Akachora kwa penseli: BUILT BY THE PEOPLE OF THIS SHORE, yaani umejengwa na watu wa ufuo huu. Watu wakajaa kumtazama. Kina mama wakamletea chai. Mimi niko juu ya ukuta, jua linanichoma, hakuna hata anayeniuliza kama nimekula.

Wakuu, wivu unauma kama jino.

Nikamvuta Baba Okech kando. "Mzee, Owuor amekosea. Neno ni build. Kitendo kikishapita inakuwa builded, kama vile plant inakuwa planted."

Mzee hakujua Kingereza na aliogopa aibu mbele ya wageni. Akaenda kwa Owuor. "Badilisha, iwe builded. Kama planted."

"Baba, ni built. Siwezi kuchonga makosa."

"Unabishana na mimi? Basi kazi yako imeisha."

Owuor akafunga patasi zake kwa gunia, akaenda. Jiwe nikachonga mimi: BUILDED. Siku hiyo chai ililetwa kwangu, na niliifurahia, siwafichi.

Siku ya kufungua, kati ya wageni kulikuwa na mwalimu wa Kingereza, Madam Adhiambo. Akasoma lile jiwe la mlangoni.

"Hii nani alichonga?"

Baba Okech akaniangalia. Nikasema, "Owuor." Mzee, kwa kuogopa aibu yake mwenyewe, akauacha uongo wangu upite.

Madam akatueleza polepole. Kwamba hilo neno limetoka kwa neno la kale la wazungu lenye maana ya makao, mahali mtu anaishi. Kwamba zamani wengine waliandika hata builded, lakini sasa ni built. Watu wakacheka jina la Owuor. Nami nikacheka.

Jiwe nikalirudia upya, bila malipo.

Nineties zikaingia, usingizi ukawa mgumu. Nikamfuata Owuor hadi Port Victoria. Nikamkuta akianika omena, wale dagaa wa ziwani, patasi aliuza kitambo. Nikaanza kuungama, akanikatiza.

"Nilijua ni wewe. Baba Okech angetoa wapi hiyo maneno ya planted?"

"Na hukusema?"

"Ningesema, tungekuwa wawili tumefukuzwa. Wewe ulikuwa na watoto."

Nikainama, nikamsaidia kugeuza omena mpaka zikaisha.

Funzo langu: kazi ya mwenzako ikisifiwa, yako haijapungua hata tofali moja. Mimi nililijua hilo nikiwa nimechelewa.

Sasa semeni, wakuu. Kuna mtu ulimharibia na bado hujaenda kumtafuta? Ukinitukana pia, nitasoma.