Dume Lisilopunguzwa Ubora

Juzi, katika duka la intaneti mjini Korogwe, mbele yangu alisimama mfugaji kutoka Handeni na picha ya dume lake la mahari. Wazazi wa mchumba wa mwanawe walitaka kuliona kabla ya kuikubali posa.

"Mzee, picha ni nzito, haiendi. Nipunguze ubora?" aliuliza dada wa kompyuta.

"Upunguze ubora wa dume langu?"

"Wa picha tu, mzee."

"Na wao wataona nini, si picha?"

Mzee akajitazama pichani, kando ya ng'ombe wake. "Basi nikate mimi."

Akakatwa, ukabaki mkono mgongoni mwa dume. Jibu likaja palepale: ng'ombe amekubaliwa, ila wanauliza kama kijana ana baba.