Tsonka Hakuridhia

Tangazo la kifo cha Tsonka Balabanova lilibandikwa kwenye mlango wa darasa, picha yake juu na tarehe chini, kama ilivyo desturi yetu. Ukiufungua mlango huo, Tsonka yuleyule alikuwa ndani, kwenye skrini kubwa, akifundisha magonjwa ya mizabibu.

Mimi ndiye niliyesimamia mitambo ya video pale chuoni, na nilimpenda Tsonka ingawa mdomo wake haukuwa na breki. Kila vuli alichoma pilipili hoho kibarazani mpaka majirani wakakohoa, kisha akawapelekea za kwenye chupa kuwaziba midomo. Mwanafunzi alipodai amesoma mtandaoni namna ya kutibu ukungu, Tsonka alimwambia, "Basi kalime hukohuko mtandaoni, mwanangu, utuletee divai."

Halafu chuo kikapata ufadhili wa Umoja wa Ulaya wa kutengeneza walimu wa kidijitali, na kila idara ikatakiwa kutoa mmoja. Masomo Tsonka aliyarekodi akiwa mzima. Idhini aliombwa baadaye na mashine, saratani ya koo ikiwa imeshamnyang'anya sauti.

Mumewe, Penko, alinijia baada ya arobaini, bado amebeba kibakuli cha ngano iliyochemshwa, ile tunayowagawia watu kumkumbuka marehemu.

"Mzime, Milka," alisema. "Jana nimepanda basi, namsikia mke wangu anaongea ndani ya simu ya msichana mmoja. Mtu akifa si aachwe afe?"

"Mzee Penko, aliridhia mwenyewe. Mashine imeandika."

"Tsonka huyu ninayemjua mimi? Hebu nionyeshe."

Nikamfungulia video. Sauti ya mashine ilimuuliza kama sura yake iendelee kufundisha hata akifa. Tsonka akainua kidevu, akakishusha, akagonga ulimi: ts! Chini pakaandikwa: AMERIDHIA.

Kwetu kichwa kikienda juu na chini, ulimi ukigonga, ni hapana; tukisema ndiyo tunakitikisa kando. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Mashine ilitengenezwa na watu wa mbali, na wakubwa wetu, kwa uchu wa ufadhili, hawakutazama video hata moja.

"Washenzi nyie," Penko alisema polepole, machozi yakimtoka.

Sikwenda kwa mkuu wa kitivo. Angesema tungoje ripoti ya mradi ipite. Nilibonyeza kitufe cha kuzima papo hapo, lakini mashine ikagoma mpaka imuulize mwenyewe. Uso wa Tsonka ukajaa kwenye skrini.

"Unaridhia kuzimwa?" sauti ikauliza.

Darasani alikuwa akitazama mbele tu, hamtazami mtu. Sasa aligeuza macho taratibu, akayatuliza kwa Penko. Kidevu kikapanda, kikashuka, kikapanda tena kwa haraka. Ulimi ukagonga, ts, ts, ts.

"Anakataa," Penko alinong'ona, kisha akapiga kelele. "Anakataa! Milka, subiri! Subiri, mwanamke wewe!"

Nilibonyeza kila nilichoweza kubonyeza ili kuisimamisha. Mashine ikaandika AMERIDHIA, na skrini ikawa nyeusi.

Penko aliweka kiganja chake juu ya kioo ambacho bado kilikuwa na joto.

"Wa kwanza alikufa usingizini," aliniambia. "Huyu amekufa ananiangalia."