Gitaa Lililosafishwa

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari huku Elerai, na kwa miaka sita nilipiga gitaa la besi katika bendi ya watu wanne. Tulipiga roki ya Kiswahili, ile nyepesi inayoimbika, katika mji ambao ukisema unapiga roki watu hukuuliza kwa upole kama umeokoka.

Mwimbaji wetu alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki. Mpiga dramu alikuwa mkulima na mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima Meru. Alijifunzia dramu kwenye kwaya ya vijana ya Kilutheri, na alikuwa hawezi kuja mazoezini kabla hajakamua. Mpiga gitaa alikuwa dada wa Kichaga aliyemsaidia baba yake katika duka la vifaa vya ujenzi Kwa Mrombo. Yeye ndiye aliyeleta zile kelele. Alikuwa na pedali ndogo nyekundu, na akiikanyaga, gitaa lililokuwa linaongea kistaarabu lilianza kukwaruza kama mtu mwenye mafua anayegombana.

Nyimbo kumi tulizojua kwa moyo tulikuwa tumezipiga kwenye harusi na hotelini hadi tukazichoka. Wazo la kurekodi albamu lilikuwa la mwimbaji, lakini nililishika mimi kuliko wote, kwa sababu moja tu: nilitaka kujua tunasikikaje. Ukiwa ndani ya sauti huisikii. Mimi nilikuwa nasikia besi yangu na dramu iliyo karibu na sikio langu, basi. Watu waliokuwa mbele yetu walikuwa wanasikia nini? Swali hilo lilinikera kama punje ya mahindi iliyonasa kwenye jino.

Studio tuliyoimudu ilikuwa Sombetini, chumba cha uani nyumbani kwa mzee mmoja aliyekuwa amerekodi kwaya kwa zaidi ya miaka ishirini. Kuta alikuwa amezifunika kwa magodoro na mazulia ya zamani. Ukuta wa pili kulikuwa na fundi wa mageti na grinda yake ya kukatia chuma, na mzee alijua ratiba ya yule fundi kuliko mke wa fundi mwenyewe: saa nne anakunywa chai, saa saba anakula, Ijumaa mchana anakwenda kuswali. Hizo ndizo saa zetu za kurekodi.

"Shikamoo mzee," tulimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba wanangu. Wengine wako nyuma?"

"Ni sisi tu."

Akatuhesabu kwa macho. "Wanne. Haya, kila sauti mtu mmoja."

Tulipoanza kupima vyombo, dada wa gitaa akakanyaga pedali yake. Mzee alivua vifaa vya masikioni upesi kama vimemchoma.

"Binti, waya wako umekatika ndani."

Tukacheka. "Hapana mzee," dada akasema, "ndivyo lilivyo."

"Ndivyo lilivyo?"

"Ndiyo, ndivyo ninavyotaka."

Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, tukaendelea. Sisi tukadhani yamekwisha.

Tulirekodi kwa wiki mbili za likizo ya Juni. Mpiga dramu alishuka kila asubuhi na viatu vyake vya mvua, akavivua mlangoni, akapiga dramu kwa soksi. Mwimbaji alirudia beti hadi sauti ikakauka. Mimi nilikuwa na maswali mengi mno. Kwa nini kipaza sauti cha dramu kimewekwa chini? Kwa nini nimesimama kona hii na si ile? Mzee alinijibu yote kwa subira, ila alipozidiwa alisema, "Mwalimu, leo mwanafunzi ni nani?"

Tulipomaliza akatuomba wiki moja ya kuchanganya sauti. Jumamosi akapiga simu, furaha ikisikika. "Njooni. Nimeisafisha."

Tuliketi kwenye benchi lake, tumebanana. Akabonyeza. Wimbo wa kwanza ukaanza, na gitaa lilikuwa jeupe. Hakuna mkwaruzo hata chembe. Kila uzi ulisikika peke yake, kama vijiko vinavyopangwa mezani. Nilielewa baadaye alivyofanya: siku mbili za kurekodi gitaa alikuwa amechukua sauti kwa njia mbili, moja kutoka kwenye spika, nyingine kupitia kiboksi kidogo kabla sauti haijafika kwenye pedali. Kile kiboksi tulikiona na hatukukiulizia, hata mimi mwenye maswali. Ile sauti ya spika aliiona imeharibika. Akaiweka kando, akatumia iliyo safi, na wiki nzima alikuwa anatuokoa.

"Ilinichosha," alisema, akijifuta paji la uso, "lakini sasa hata mchungaji anasikiliza."

Dada wa gitaa alisikiliza nyimbo tano. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka, na tukasikia geti la mbele likifungwa. Mwimbaji akaanza kumfokea mzee, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mtu wa umri ule. Mzee akabaki amekaa, mikono juu ya mapaja, hajui kosa lake.

Nami ninapaswa kusema ukweli wangu hapa. Ule wimbo wa tano ulikuwa umenisimamisha nywele. Ulihusu dada mkubwa anayeondoka nyumbani kuolewa, na mdogo wake anayebaki na kitanda kizima. Kwa miaka miwili nilikuwa nimeupiga bila kusikia maneno yake sawasawa, maana gitaa lilikuwa limeyafunika. Siku ile niliyasikia.

"Turudie ule wa tano," nikasema.

Mwimbaji akanigeukia. "Mwalimu, wewe uko upande gani?"

Sikuwa na upande. Nilitaka kujua kilichonipata. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu mwenye hasira.

Jumatatu baada ya vipindi nikaenda Kwa Mrombo. Nilimkuta dada wa gitaa akipima mabati, futi kamba mkononi, penseli sikioni. Baba yake alikuwa ndani kwenye meza ya mauzo. Nikamwamkia, akaitikia, akatugeuzia mgongo kwa heshima ili tuongee.

"Uliondoka bila kuaga," nikamwambia.

"Ningeaga ningelia."

Aliweka alama kwenye bati, akaendelea bila kuniangalia. "Nyumbani mimi ni wa tano. Pale mezani ukiongea polepole hakuna anayekusikia. Nikaenda kwaya, nikaambiwa sauti yangu inakwaruza, nikae nyuma na nifungue mdomo tu. Siku nilipokanyaga ile pedali mara ya kwanza, watu wote waligeuka. Wote. Sasa mzee amenirudisha kule nyuma."

Nilijua kwamba nikinyamaza nitakuwa mwongo. "Wimbo wa tano niliupenda vile alivyoufanya," nikasema.

Akainua uso. "Hata wewe."

Mteja akaingia kuulizia misumari. Akamhudumia, akampa chenji, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi alikuwa amekunja futi kamba. "Jumatano twende kwa mzee," akasema. "Twende wawili. Yule mwenye vipuri abaki na hasira zake."

Jumatano mzee alitupokea kama watu wanaokuja msibani. Hakukaa mpaka tulipokaa.

"Binti," akaanza, "tangu nianze kazi hii, kazi yangu ni moja: kuondoa makelele. Mtoto analia, naondoa. Benchi linalia, naondoa. Yule jirani na chuma chake, ndiyo kabisa. Hakuna aliyewahi kuniletea makelele akaniambia niyatunze."

"Mimi nimekuletea."

"Sasa nifundishe. Yapi mazuri, yapi mabaya? Mimi siyatofautishi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikaanza kumweleza habari za mawimbi, kwamba pedali inakata vilele vya wimbi, na kilele kikikatwa zinazaliwa sauti nyingine juu yake. Mzee akaniinulia kiganja. "Mwalimu, nyamaza kwanza."

Dada akachomeka gitaa. Walikaa magoti yakikaribia kugusana, mzee amefumba macho. Dada akapiga. "Hili?" mzee akauliza.

"Hilo baya. Hilo ni waya kweli, umechoka."

"Na hili?"

"Hilo ni pedali imezidishwa. Vijana wa hotelini wanalipenda. Mimi silipendi."

"Na hili?"

"Hilo ni mimi."

Mzee akamwomba arudie. Akarudia. Wakaenda hivyo kwa muda wa karibu saa tatu, na kidogo kidogo yule mzee akaanza kujibu kabla hajaambiwa. "Waya," alisema. "Imezidi." "Huyu ni wewe." Mara moja tu alikosea, na wakabishana kama wauza nyanya. Sijawahi kumfundisha mtu yeyote kitu darasani kwa namna ile.

Kisha dada akaomba aachwe peke yake na wimbo wa tano, ausikilize wa kelele na uliosafishwa. Tukatoka uani, mke wa mzee akatupa chai ya tangawizi. Dada alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia.

"Nyingine zote tisa zirudi zilivyokuwa," akasema. "Wa tano ubaki msafi. Ila nitaupiga upya. Mle ndani nimejisikia, vidole vimelegea. Nilipiga kama mtu anayejua kelele itamficha."

Akaupiga upya Ijumaa, jirani akiwa msikitini. Mara nne. Tukachukua ya nne.

Albamu ilipotoka mtandaoni nilifanya kitu ambacho wenzangu waliona ni uchawi: niliwasikilizisha watu bila kusema ni yetu. Fundi cherehani wangu aliuliza kama redio imeharibika, kisha akaacha iendelee. Mwalimu mwenzangu wa Kiswahili alisahihisha methali moja kwenye wimbo wa saba. Mtangazaji wa redio tuliyempelekea albamu wenyewe, kijana mwenye adabu, alitukaribisha ofisini akatuuliza kwa unyofu, "Sasa hizi niziweke kipindi gani? Asubuhi nitawashtua watu, Jumapili nitapigiwa simu." Akaishia kuurusha hewani wimbo wa tano pekee. Na wale vijana wachache waliokuwa wakitufuata hotelini wakaandika kwamba tumelainika, tumekuwa kwaya. Dada wa gitaa aliyasoma yote kwa sauti mazoezini, akacheka, lakini lile la kwaya alilisoma mara mbili.

Uzinduzi tuliufanya Jumamosi mchana kwenye ukumbi mdogo. Nusu ya viti ilikuwa tupu hadi mzee alipoingia na moja ya kwaya anazorekodi, wanawake kwa wanaume, wamevaa sare. Wakajaza safu mbili za mbele. Walikaa mikono mapajani, hawakutikisa hata kichwa. Mpiga dramu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuogopa hivyo hata mbele ya fisi.

Tulipomaliza wakapiga makofi kwa pamoja, wakaacha kwa pamoja. Mwalimu wao akasimama. "Samahani. Wimbo wa tano, sauti ya pili ni ipi?"

Tukatazamana. "Hakuna," dada akasema.

"Basi tuwape."

Akanong'onezana na akina mama wanne, wakaijaribu kidogo midomo imefumbwa, wakakosea, wakacheka, wakaipata. Mwimbaji wetu akaimba ubeti wa kwanza nao wakiwa chini yake. Sikupiga besi. Nilisimama tu na chombo shingoni, nikisikiliza.

Walipoketi, mama mmoja mtu mzima akamnyooshea kidole dada wa gitaa. "Na ule wa tatu, mwanangu, ulikuwa umemkasirikia nani?"

"Sikuwa nimekasirika, mama. Nilikuwa nimefurahi."

Yule mama akafikiri. "Haya. Piga tena, nisikilize ukiwa umefurahi."

Tukaupiga. Mama akainamisha kichwa upande mmoja, kama anayesikiliza mtu wa lugha nyingine akieleza njia. Mwisho akasema, "Eeh," na sikujua, wala mpaka leo sijui, kama ilikuwa ndiyo au pole.

Albamu haikutufanya watu maarufu. Mwaka uliofuata mwimbaji alihamishia duka lake Dodoma, baba wa mpiga dramu akaugua na ng'ombe wakabaki mikononi mwake, nasi tukaacha bila hata kikao cha kuachana. Dada wa gitaa sasa anapiga kanisani kwao, mbele, na nimesikia pedali ameibeba. Mzee wa Sombetini analetewa vijana wenye magitaa, na huwauliza kwanza: "Makelele yako ni yapi?"

Mtu wa mwisho niliyemsikilizisha alikuwa mama yangu. Aliteremka kutoka mlimani na mkungu wa ndizi, nikamkalisha sebuleni, nikawasha. Yeye nilimwambia ni sisi. Alisikiliza nyimbo mbili amekunja uso, akauliza, "Wewe uko wapi humo?"

"Mimi ndiye besi, mama."

"Sisikii."

Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya spika. Kiganja chake kilikuwa na utomvu mweusi wa ndizi. Wimbo wa tatu ukaanza, na nikaona macho yake yakibadilika.

"Kumbe uko chini," akasema.

"Niko chini."

Hakuuondoa mkono. Wimbo ulipokwisha akauliza zimebaki ngapi, nikamwambia saba. Akavuta kiti karibu, akajifunga kanga vizuri, akasema niziache ziendelee, ndizi tutamenya baadaye.